Printa Iliyorudishwa Alifu

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, aliyenipa macho ya kusomea, ulimi wa kumtajia, na umri wa kutosha kukumbuka. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu na watu wake, na wazee wetu waliotutangulia. Baada ya hayo, nina jambo dogo la kusimulia. Sisi tuliokua wakati mmoja tutaelewana upesi.

Hivi karibuni tulimzika Shangazi Zaina. Tanga lilipokwisha, wanawake wa ukoo tulikaa chini kupanga nguo zake, na katikati ya kanga nikakuta kitambaa cheupe chenye maua ya bluu, kile cha kufunikia redio. Kwenye pembe moja kilikuwa na doa jeusi. Binti wa mdogo wangu akataka kukiloweka kwenye dawa ya madoa. Nikamwambia, hapana mwanangu, hilo doa lina mwenyewe. Nikakiweka puani. Kilikuwa kimefuliwa mara nyingi mno kubaki na harufu, lakini nami nilinusa wino wa ribon, na vumbi jekundu la Dodoma, na joto la mashine iliyochoka. Nikarudi mtoto.

Shangazi Zaina alikuwa dada mkubwa wa baba yangu. Mwenyezi Mungu hakumjaalia kuzaa, basi baba akanipeleka kwake nikiwa mdogo, nitoke Kondoa nikasome mjini. Tuliishi Kikuyu, mtaa wa Dodoma, vyumba viwili, cha nyuma cha kulala na cha mbele kikitazama barabara. Alikuwa mpiga chapa wa shirika moja la umma. Nilipenda kumsikia akirudi jioni, vidole bado vinagonga juu ya meza ya chai kana kwamba barua haijaisha.

Kisha likaja lile wimbi la mashirika kuuzwa. Watu wakapunguzwa kazini, naye akawa mmoja wao. Sikumwona akilia. Nilimwona akienda kwenye mnada wa vitu vya shirika na kurudi na mkokoteni, na juu ya mkokoteni imekaa printa ile ile aliyokuwa akiitumia ofisini. Ilikuwa nzito kama jiwe la kusagia, rangi yake kama maziwa yaliyolala. Ndani ilikuwa na kichwa kidogo chenye sindano, na sindano hizo ndizo zilizogonga ribon, ule utepe wenye wino, na kuacha herufi. Ilikuja na disketi yake, kisahani cheusi cha mraba ndani ya bahasha. Baadaye shangazi akauza taipureta yake aliyoipenda, akaagiza Dar es Salaam kompyuta iliyokwishatumika. Ikaja juu ya lori la magunia. Chumba cha mbele kikawa duka la uchapaji, na mlangoni akaandika kwa mkono wake mwenyewe: TUNACHAPA KWA KOMPYUTA.

Tatizo ni kwamba kompyuta ilikuja na mfumo endeshi mpya, na printa ilikuwa ya zamani.

Siku ya kwanza alipoamuru kuchapa, printa ilistuka, ikavuta karatasi, ikalia ile sauti yake ya kukwaruza kama panya ndani ya debe, na ikatoa mambo ambayo sijapata kuyaona. Hakukuwa na neno hata moja. Zilikuwako nyuso ndogo za kutabasamu, na mioyo, na mistari miwili miwili kama reli, na herufi zenye vidoti kichwani, kisha ukurasa mweupe, kisha mioyo tena. Shangazi akazima, akawasha, akachapa tena. Ikatoa yale yale, na karatasi ikaendelea kutoka mpaka akachomoa waya.

"Zaina!" Mama Neema, jirani yetu muuza maandazi, aliita kutoka barazani. "Hiyo mashine yako inaandika Kichina?"

"Ingekuwa Kichina ningetafuta Mchina."

"Basi ilete kanisani kwetu Jumapili iombewe."

"Nikiileta mkaiombea ikapona, kesho mtadai ibatizwe," shangazi akamjibu, na wote wawili wakacheka, lakini mimi niliona kuwa shangazi amecheka kwa mdomo tu.

Nilikuwa nasoma madrasa kila alasiri, na huko tulifundishwa jambo moja ambalo mpaka leo nawafundisha wanafunzi wangu. Karatasi yenye maandishi usiyoyajua haikanyagwi. Huenda ina jina la Mungu ndani yake. Unaiokota, unaipangusa, unaiweka juu. Basi kila karatasi shangazi aliyoikunja na kuitupa, mimi niliiokota. Nilizinyoosha kwa kiganja na kuzipanga juu ya kabati. Niliamini kwa moyo wote kuwa printa haijaharibika. Niliamini inaandika lugha ya watu fulani walio mbali, maneno mazito pengine, na kwamba hapa Dodoma hakuna aliyesoma vya kutosha kuielewa.

Shangazi alikuwa na jambo kubwa zaidi la kumsumbua. Mwalimu mkuu wa shule moja ya jirani alikuwa amempa kazi ya majaribio: mtihani wa muhula. Ukitoka vizuri, alisema, na shule nyingine zitakuja. Shule ile ilikuwa na mashine ya kudurufu, ile ya kuzungusha kwa mkono, ambayo hula stensili. Sisi wa umri huu tunaikumbuka stensili, karatasi laini ya nta inayotobolewa na herufi ili wino upite. Ndiyo maana printa nyingine haikufaa. Kaka Elisha, kijana wa Kigogo aliyekuwa akitunza kompyuta za ofisi moja ya serikali, alikuwa tayari kumwazima shangazi printa mpya ya kurusha wino. Lakini wino hautoboi nta. Zilihitajika sindano zinazogonga, na sindano zilikuwa kwenye jiwe letu la kusagia peke yake.

Jumamosi, baba akaja kutoka Kondoa. Alikuwa fundi cherehani, mtu mpole mwenye chaki nyuma ya sikio hata siku za safari. Nilimrukia, kisha nikaona ana mabegi mawili, na moja ni tupu.

"Dada, shikamoo."

"Marahaba. Begi hilo tupu la nini?"

Baba akakaa, akavua viatu. "Mzee amenituma. Anasema umejitahidi, watu wote wameona. Sasa kazi hakuna, mashine haifanyi kazi, unakaa peke yako mjini na mtoto wa watu."

"Mtoto wa watu ni mtoto wako."

"Ndiyo hivyo. Amesema niwarudishe wote wawili. Basi linaondoka Jumatatu asubuhi."

"Na Jumatatu asubuhi ndipo mwalimu anakuja kuchukua stensili zake."

"Utampa nini, dada?"

Shangazi akavuta birika. Akamimina chai. Mimi nilikuwa nyuma ya pazia, na nilielewa kila neno. Printa isipoandika, shangazi atarudi kukaa kwenye ua wa babu kama mwanamwali, duka litafungwa, nami nitaacha shule yangu na madrasa yangu. Nilimpenda baba yangu, Mungu anajua. Lakini nilimwangalia shangazi akishika birika kwa mikono miwili, na nikajua niko upande gani.

Alasiri ile nikachukua karatasi mbili kutoka juu ya kabati, nikaziingiza ndani ya juzuu yangu, nikaenda nazo madrasa. Maalim Iddi alikuwa amesoma mbali sana, tuliambiwa. Kama kuna mtu wa kuisoma lugha ile, ni yeye.

Maalim alikuwa na njia yake moja ya kufundisha. Mtoto akivurugikiwa katikati ya sura, akaanza kuchanganya aya, hakumkemea wala kumsukuma mbele. Aliifunga juzuu ya yule mtoto taratibu na kusema, "Rudi alifu." Hapo ungeanza kutaja herufi moja moja, alifu, be, te, kama umeingia leo, mpaka ulimi utulie. Wenzako wangecheka. Lakini ukifika tena kwenye sura, ilikuwa imenyooka. Mimi nilirudishwa alifu mara nyingi kuliko ninavyopenda kusema.

Wenzangu walipotoka, nikamwonyesha zile karatasi. Akavaa miwani. Akazisogeza kwenye mwanga wa mlango. Akazigeuza juu chini, akazirudisha.

"Umezitoa wapi?"

"Zimeandikwa na printa ya shangazi. Maalim, ni lugha gani?"

Leo naelewa kwamba mtu mwingine angecheka. Yeye aliniangalia, na nikaona ndevu zake zikicheza kidogo tu.

"Hii mimi siijui," akasema. "Wala sidhani kuna anayeijua. Lakini mwandishi wake namfahamu. Ni mwanafunzi aliyepewa sura ndefu kabla hajaulizwa kama anajua herufi. Mwambie shangazi yako amrudishe alifu."

Nilikimbia njia nzima. Upepo wa kipupwe ulikuwa unavuma, ule wa kwetu unaobeba mchanga na kuutia mpaka kwenye meno. Nikafika na kutangaza mlangoni, "Maalim anasema irudi alifu!"

Baba akacheka mpaka chaki ikaanguka. Shangazi akanifuta uso kwa pembe ya kanga. "Haya, mwanangu. Tumesikia."

Jumapili, baada ya ibada, kaka Elisha akaja moja kwa moja kutoka kanisani, amevaa tai.

"Shikamoo mama. Shikamoo mzee. Leo nimeomba kabla ya kuja."

"Marahaba. Na sisi tumeswali alfajiri," shangazi akasema. "Kaa, ufanye kazi. Upande wa Mungu tumeumaliza."

Elisha akaeleza jambo ambalo alikwisha kulieleza kabla, lakini sasa kwa ajili ya baba. Kompyuta na printa hazizungumzi ovyo ovyo, alisema. Lazima kuwe na programu ndogo, draiva, inayoijulisha kompyuta kwamba printa hii ni ya aina gani na inapokea amri gani. Mfumo huu mpya umekuja na majina ya printa nyingi, ila jina la hii yetu halimo. Alikuwa amejaribu ndugu zake, zile zinazofanana nayo, na kila moja imetoa nyuso na mioyo.

"Kwani hii haikuja na draiva yake?" baba akauliza.

"Ilikuja. Kwenye disketi. Lakini disketi haisomeki kabisa, kama haikuwahi kuandikwa kitu. Mama, hebu nikuulize. Hii disketi ulikuwa unaihifadhi wapi?"

"Pahali pa heshima," shangazi akasema. "Kitu chenye maandishi hakikai chini. Niliiweka pale kwenye redio pamoja na juzuu, nikaifunika kwa kitambaa."

Elisha akageuka. Juu ya rafu ilikuwapo redio yetu kubwa, na kitambaa cheupe cha maua ya bluu kimetandazwa juu yake, kimeshuka mbele mpaka kufunika spika. Akakiinua kwa vidole viwili. Bahasha ya disketi ilikuwa na nafasi yake pale, nyuma ya kitambaa, ikiegemea spika.

"Ndani ya spika kuna sumaku, mama," akasema polepole. "Sumaku inafuta disketi."

Shangazi akakitazama kitambaa. Kisha shangazi akaanza kucheka, na safari hii alicheka kwa tumbo, machozi yakamtoka. "Yaani nimeiheshimu mpaka nimeifuta! Mdogo wangu, si wewe uliyenichorea hiki kitambaa? Kumbe sote tumo."

Ni kweli, maua yale baba ndiye aliyeyachora kwa penseli, na mama yangu akayashona. Baba akainamisha kichwa na kutabasamu. Lakini begi tupu lilikuwa bado mlangoni.

Elisha akarudi kwenye kiti. Akajaribu jina jingine katika orodha. Mioyo. Akajaribu jingine. Reli na vidoti. Kila karatasi ilipoanguka niliiokota. Alipoona naziweka juu ya kabati akaniuliza, "Unazitunza za nini, mdogo wangu?"

"Zimeandikwa."

"Zimeandikwa nini?"

"Maalim amesema hakuna anayejua. Amesema printa imepewa sura ndefu kabla ya kuulizwa kama inajua herufi. Irudi alifu."

Nilitegemea atacheka kama baba. Hakucheka. Mkono wake ulisimama juu ya kipanya.

"Rudia."

Nikarudia.

"Unajua," akasema, akimtazama shangazi na si mimi, "huu mfumo mpya hautumi herufi. Ukiandika A, hautumi A. Unaichora A kama picha, halafu unatuma vipande vya picha pamoja na amri zake, na printa inavipokea vyote kama takataka. Lakini hii printa ina herufi zake yenyewe tumboni. Ilizaliwa nazo. Sisi hatujawahi kuiuliza kama inazijua." Akashuka na kushuka katika ile orodha ndefu, mpaka mahali pasipo na jina la printa yoyote. "Hapa pana chaguo la maandishi matupu. Hakuna picha, hakuna urembo, wala ukubwa wa herufi. Herufi tu. Sikuligusa kwa sababu niliona ni la watu waliokata tamaa."

"Gusa," shangazi akasema. "Tumekwisha kufika huko."

Akaandika herufi moja, a. Akaamuru. Printa ikavuta pumzi, ikakwaruza mara moja, kwa ufupi, kama mtu anayesafisha koo. Sote tukainama.

a

Ilikuwa pale juu ya karatasi nyeupe, ndogo, nyeusi, imekaa peke yake. Nimezaa, nimepata wajukuu, nimesimama Makka kwa rehema za Mola wangu. Lakini nikiulizwa ni lini nilijua kwa mara ya kwanza kwamba dua ina masikio ya kuisikia, nitaitaja ile herufi.

"Ongeza be," nikasema.

Akaongeza. Ikatoa. Shangazi akamsogeza Elisha kwenye kiti kwa nyonga, akakaa mwenyewe, na vidole vyake vikarudi nyumbani. Akaandika Alhamdulillahi. Printa ikaiandika bila kukosa.

"Weka na Bwana asifiwe," Elisha akasema. "Na mimi nimehusika."

"Nimeweka. Asije Mama Neema akasema tumekunyima."

Sasa ikabaki kuchapa stensili. Kwa stensili ribon hutolewa ili sindano zigonge nta yenyewe. Elisha akaichomoa ile ribon iliyolowa wino, akatafuta pa kuiweka, na baba aliyesimama karibu akapewa. Akaishika kama anashika samaki. Wino ukamjaa viganjani, na bila kufikiri akaifuta mikono yake kwenye kitu kilichokuwa karibu, nacho kilikuwa kile kitambaa cha redio. Alipotazama akaona amelipaka ua lake mwenyewe.

"Dada, nisamehe."

"Liache. Shika stensili hiyo, usiikunje."

Mtihani ukaanza kutoka, maswali yakifuatana kwa safu zilizonyooka. Tulipofika kwenye sayansi, shangazi akasimamisha mikono. Swali lilitaka mchoro wa mhindi, mizizi na shina na suke, ili watoto wataje sehemu zake. Na maandishi matupu hayachori. Hilo ndilo lililokuwa sharti la amani ile: herufi ndiyo, picha hapana.

Elisha akakuna kichwa. Shangazi akaangalia stensili, akaangalia mlango, akaangalia begi. Nilifikiri tumeshindwa hatua moja kabla ya kufika.

"Zamani ofisini," akasema taratibu, "picha tulikuwa tunachora kwa mkono juu ya stensili. Kwa kalamu ya chuma. Mimi mkono wangu si wa kuchora."

Hakumtazama baba. Akaifungua droo, akaitoa ile kalamu, akaiweka mezani, akaenda jikoni kuchemsha chai ambayo hakuna aliyeiomba.

Baba akaichukua ile kalamu, akaigeuza mkononi. Upepo uligonga bati. Mwishowe akavuta kigoda, akainua stensili kwenye mwanga, akapima nafasi kwa kidole gumba kama anavyopima kola. Kisha akachora. Alichora mhindi wa kwetu Kondoa, wa shamba la babu, majani yameinama kidogo upande wa upepo. Alikuwa amekuja kutuchukua, naye akawa ameinama juu ya kazi itakayotuzuia tusiondoke, na alilijua hilo, na hakuharakisha hata mstari mmoja.

Jumatatu basi liliondoka bila yeye. Alisema ataondoka la kesho yake, anataka kuona mwisho wa jambo. Mwalimu mkuu alikuja, akachukua stensili moja moja na kuziinua kuelekea dirishani. Alifika kwenye ule mhindi akasimama.

"Mama Zaina, hizi kompyuta kumbe zinachora hivi?"

"Hiyo mwalimu ni kompyuta ya Kondoa," shangazi akasema. "Imesimama hapo nyuma yako."

Baba akashusha macho na kutafuta chaki nyuma ya sikio. Kesho yake asubuhi alipoondoka, alilikunja lile begi tupu mara mbili, tatu, likawa dogo kama msala, akaliweka ndani ya begi lake. Mlangoni shangazi akamuuliza, "Mzee utamwambia nini?"

"Nitamwambia mashine imejua kusoma."

Duka lile lilikaa mpaka nikamaliza shule, na baada yake likakaa miaka mingine mingi. Ile printa ilitumika kwa herufi zake tupu mpaka sindano zikachakaa, na michoro ya sayansi ilikuja na basi kutoka Kondoa, imefungwa ndani ya kitambaa cha suruali. Leo mimi ndiye maalim, na mtoto akivurugikiwa mbele yangu naifunga juzuu taratibu. Nimefanya hivyo hata kwa watu wazima waliokuja kwangu na nyumba zao zikiwaka moto, mke na mume hawasikilizani, kila mmoja akitoa nyuso na mioyo na reli. Nawauliza, kuna herufi gani mnayoijua nyote wawili? Huwa ipo. Tunaanzia hapo.

Kitambaa sasa kiko kwangu. Nimekitandaza juu ya meza, mbali na redio. Ua moja ni la bluu na jeusi.

Nawe uliyefika nami mpaka hapa, Mwenyezi Mungu akupe subira isiyochoka na watu wa kukaa nao usipofahamika. Akulinde na haraka. Na siku utakapovurugikiwa, akujaalie mtu wa kukufungia kitabu kwa upole na kukuanzisha tena. Amin.